Zana imenyamaza au inapiga kelele ovyo? Kutatua matatizo ya uchanganuzi wa kodi ya kerneli

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na anayeandika kodi (msimbo wa programu) ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ana sababu ya kuuogopa ukimya kuliko waandishi wengine wa programu. Programu ya kawaida ikikosea, mfumo wa uendeshaji huisimamisha na kukuachia ujumbe. Kerneli ikikosea hakuna aliye juu yake wa kuikamata. Inaweza kuandika kwenye kumbukumbu isiyo yake sasa hivi, ikaanguka saa kadhaa baadaye mahali pasipohusika kabisa. Ndiyo maana tuna zana za aina mbili: zile zinazosoma kodi bila kuiendesha, kama sparse, Smatch na Coccinelle, na zile zinazoichunguza ikiwa kazini, kama KASAN (makosa ya kugusa kumbukumbu), KCSAN (nyuzi zinazogongana kwenye data), lockdep (kufuli zinazoweza kukwamana) na kmemleak (kumbukumbu inayovuja).

Zana hizi nazo huugua. Kwa maoni yangu, malalamiko mengi dhidi yake yana mizizi miwili tu: ama zana haikuwahi kufanya kazi tangu mwanzo, ama ilijizima mapema na unachokisoma ni matokeo ya baadaye. Kwa hiyo kabla hujauliza kodi yako ina kasoro gani, uliza kama zana iko hai. Mifano hapa ni ya Linux kwa kuwa ndiko zana hizi zilikokomaa. Wanaojenga kerneli yao wenyewe nao wana sehemu yao huko chini.

Dalili: umewasha KASAN, lakini haionekani popote

Anza na usanidi. Kuandika `CONFIG_KASAN=y` kwa mkono ndani ya `.config` hakutoshi, maana `make olddefconfig` hulifuta bila neno chaguo lolote ambalo masharti yake hayajatimia. Wengi hukwama hapa kwa sababu KASAN na KCSAN haziwezi kukaa ndani ya kerneli moja, na KMSAN, inayosaka kumbukumbu iliyosomwa kabla ya kuandikwa, haipatani na yoyote kati ya hizo mbili. Ukiziomba zote utabaki na moja, na hakuna atakayekuambia zipi zimeachwa. KMSAN, iliyoingia katika toleo la 6.1, inadai pia kompaila ya Clang. Ukijenga kwa GCC, chaguo lake halitaonekana hata kwenye menyu.

Tumia `scripts/config -e KASAN`, endesha `make olddefconfig`, kisha ndipo uitafute KASAN ndani ya `.config`. Ukiitafuta kabla ya amri hiyo ya pili unajidanganya. Halafu hakikisha kerneli iliyowaka ndiyo uliyoijenga: `uname -v` huonyesha tarehe ya ujenzi, na kama `CONFIG_IKCONFIG_PROC` imewashwa, `zcat /proc/config.gz` itakupa usanidi wa kerneli inayotembea sasa. Mara nyingi shida nzima ni kwamba kipakiaji kimewasha kerneli ya zamani.

Uthibitisho wa mwisho ni kosa la makusudi. KASAN ina majaribio yake ya KUnit, mfumo wa majaribio wa kerneli (`CONFIG_KASAN_KUNIT_TEST`), yanayogusa kumbukumbu iliyokatazwa ili kuona kama italalamika. lockdep na KCSAN nazo zina majaribio ya namna hiyo. Zana isiyoliona kosa ulilolipanda wewe mwenyewe haistahili kuaminiwa inaposema kodi ni safi.

Dalili: KASAN iko hai, hitilafu ipo, lakini haisemi kitu

KASAN ya kawaida hutenga baiti moja ya kumbukumbu kivuli kwa kila baiti nane za kerneli, na kompaila huweka ukaguzi kabla ya kila kusoma na kila kuandika. Ukiielewa sentensi hiyo, utaweza kuyabashiri mapengo yake.

Kodi ya asembli haina ukaguzi, kwa kuwa kompaila haikuigusa. Kifaa kinachoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu kwa njia ya DMA hakipiti kwenye ukaguzi wowote, hivyo draiva ikikipa anwani mbaya, KASAN haitajua. Ukivuka mwisho wa safu iliyo ndani ya struct ukaangukia sehemu inayofuata ya struct hiyo hiyo, kwa KASAN bado uko ndani ya kipande chako halali. Hapo wa kukusaidia ni UBSAN, zana inayosaka matendo ambayo lugha ya C haijayaainisha, ikiwa na `CONFIG_UBSAN_BOUNDS`, mradi kompaila inaujua ukubwa wa safu. Na ukiruka mbali sana, ukaupita ukanda wa hadhari unaozunguka kipande, unaweza kutua katikati ya kipande kingine kilicho hai na hakuna atakayekuuliza.

Kisha kuna suala la muda, na hili ndilo huwachanganya watu zaidi. Kumbukumbu ikiachiliwa huwekwa kwanza karantini isigawiwe tena haraka, ili atakayeigusa akamatwe. Lakini karantini ina ukomo: takriban sehemu moja ya 32 ya kumbukumbu yote ya mashine. Kwenye mashine pepe ndogo yenye kazi nyingi, kipande hutoka karantini na kupewa mwenye mpya kabla kielekezi cha zamani hakijatumika. Kinapotumika, kivuli kinasema mambo ni sawa. Iongezee mashine pepe kumbukumbu, na hitilafu iliyokuwa imejificha mara nyingi hujitokeza.

Draiva zinazoomba kipande kikubwa kisha zikajigawia zenyewe vipande vidogo huipofusha KASAN kabisa, kwa kuwa yenyewe hukiona kile kikubwa tu. Wakati wa kusaka hitilafu, badilisha kwa muda: kila kipande kiombwe kwa `kmalloc` peke yake. Kodi itakuwa ya polepole, ila itasema kweli.

Kwenye ARM64 yenye MTE, yaani prosesa inayokagua lebo za kumbukumbu yenyewe, hali ni tofauti kidogo. Huko kila baiti 16 zina lebo ya biti nne, na kielekezi hubeba lebo yake. Lebo mbili zikilingana kwa bahati, yaani karibu mara moja katika 16, kosa hupita. Jaribio moja lililofaulu halithibitishi chochote, lirudie.

Dalili: ripoti moja imetoka, kisha kimya

Hiyo ndiyo tabia yake ya kawaida. KASAN huchapisha kosa la kwanza tu, isipokuwa umeongeza `kasan_multi_shot` kwenye vigezo vya kuwasha kerneli. Mimi sishauri kukimbilia kigezo hicho. Kumbukumbu ikishaharibika mara moja, ripoti za pili na tatu huweza kuwa matokeo ya ile ya kwanza, na utapoteza muda kutibu kodi isiyo na ugonjwa.

Afadhali uisome vizuri hiyo moja. Ikiwa kosa ni la kugusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, ripoti ina mifuatano mitatu ya miito: aliyegusa, aliyetenga, aliyeachilia. Macho huenda kwa aliyegusa kwa sababu yuko juu. Mara nyingi mkosaji ni wa tatu, aliyeachilia mapema huku kazi iliyowekwa kwenye foleni ikiwa bado imeshika kielekezi. Ukikuta `kfree`, inayoachilia kumbukumbu, kwenye njia ya kuondoa draiva na huoni `cancel_work_sync`, inayofuta kazi ya foleni na kuisubiri iishe, kabla yake, umeshafika.

Dalili: lockdep haitoi onyo, ingawa mfumo unakwama

lockdep, iliyoingia katika toleo la 2.6.18 mwaka 2006, haisubiri mkwamo utokee. Hukumbuka kwamba njia moja ilishika kufuli A kisha B, na ikiona njia nyingine inashika B kisha A, hulalamika hata kama njia hizo hazijawahi kukutana. Ila ni lazima zote mbili ziwe zimepitiwa angalau mara moja tangu mashine iwashwe. Njia ya kushughulikia makosa ambayo majaribio yako hayaigusi haimo kwenye kumbukumbu zake. Kwa hiyo lazimisha makosa: zana ya kerneli ya kupandikiza makosa inaweza kuifanya `kmalloc` ikatae makusudi.

Hilo likiwa sawa, tazama `/proc/lockdep_stats`. Mstari wa `debug_locks` ukionyesha 0, lockdep imejizima. Hujizima baada ya onyo lake la kwanza, na onyo hilo linaweza kuwa la draiva ya mtu mwingine iliyolalamikiwa wakati mashine inawaka. Rudi juu kabisa ya logi. Huna budi kulitatua onyo la mwenzako, au kuiondoa draiva yake kwenye usanidi, ndipo lockdep ikufikie wewe. Moduli isiyo huria ikipakiwa, lockdep huzimwa pia.

Sababu nyingine ya kujizima ni kujaa. Ukiona `MAX_LOCKDEP_KEYS too low` usikimbilie kuongeza nambari. Kila aina ya kufuli huhesabiwa mara moja, na ukomo uko kwenye 8192. Hesabu hiyo hujaa kwa kupakia na kuondoa moduli mara nyingi bila kuwasha mashine upya, au kwa safu kubwa ambayo kila kufuli lake limeanzishwa peke yake badala ya kuanzishwa ndani ya kitanzi kwa `spin_lock_init`. Lakini `MAX_LOCKDEP_CHAINS` na `MAX_LOCKDEP_ENTRIES` huweza kujaa kihalali kwenye mfumo mkubwa, na matoleo ya karibuni yana machaguo ya usanidi ya kuzipanua.

Onyo la `trying to register non-static key` nalo huwatisha watu bila sababu. Karibu kila mara lina maana moja: umetumia kufuli ambalo hukulianzisha kwa fanksheni yake.

Dalili: KCSAN inatoa maonyo mengi kuliko unavyoweza kusoma

KCSAN, ya tangu toleo la 5.8, hutafuta nyuzi mbili zinazogusa data moja kwa wakati mmoja bila mpangilio, na angalau mmoja wao anaandika. Hufanya hivyo kwa kuchagua mguso mmoja katika maelfu, kuusitisha kwa mikrosekunde kadhaa, na kuangalia kama kuna mwingine atakayeigusa anwani hiyo hiyo. Kwa kuwa ni ya kubahatisha, ripoti ya leo inaweza isionekane kesho, na hilo halina maana kwamba imetibika. Kwenye mashine pepe ya prosesa moja itakuwa karibu kipofu. Ipe kadhaa.

Kuhusu wingi wa maonyo, kuna dawa mbaya iliyozoeleka: kuweka `READ_ONCE` na `WRITE_ONCE` kila palipotajwa hadi kelele ziishe. Alama hizo huizuia kompaila kugawanya au kurudia mguso, basi. Hazifanyi kuongeza moja kwenye kihesabu kuwe tendo lisilokatika, wala hazipangi nani atangulie. Ukiziweka mahali palipohitaji kufuli, umeifukuza zana na kuliacha kosa pale pale, safari hii bila shahidi. Jiulize kwanza kodi ilitakiwa ilindwe na nini. Kama jibu ni kufuli, weka kufuli. Kama ni kihesabu cha takwimu ambacho kukosea kidogo hakuna madhara, `data_race()` ndiyo alama yake, pamoja na maelezo ya mstari mmoja kwa atakayekuja baada yako.

Na upande wa pili: kama KCSAN imetulia mno, kumbuka kwamba kwa kawaida huchukulia uandishi wa kawaida usiozidi ukubwa wa neno la mashine kuwa hauna tatizo. `CONFIG_KCSAN_STRICT` huondoa upole huo.

Dalili: kmemleak inadai uvujaji usiokuwepo

kmemleak hupekua kumbukumbu kila dakika kumi ikitafuta vielekezi. Kipande kisichoelekezwa na yeyote huhesabiwa kimevuja. Ukikihifadhi kielekezi kama anwani halisi ya maunzi, au ukakibana na biti nyingine, haitakitambua. Kipande kilicho njiani, ambacho kielekezi chake kiko kwenye rejista tu, nacho huweza kushukiwa. Andika `clear` kwenye `/sys/kernel/debug/kmemleak`, endesha jaribio lako, andika `scan`, subiri kidogo, andika `scan` tena, ndipo usome. Kinachobaki baada ya mapekuzi mawili kinastahili muda wako. Kurasa zilizoombwa kwa `alloc_pages` hazifuatiliwi kabisa, hivyo uvujaji wa huko utafute kwa `page_owner`.

Logi ikisema kmemleak imezimwa mapema wakati wa kuwasha, ongeza `CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK_MEM_POOL_SIZE` na ujenge upya. Ikishazimika hairudi mpaka mashine iwashwe tena.

Dalili: `make C=1` haitoi onyo hata moja

sparse huitwa kwa faili zinazojengwa upya tu. Kama kila kitu kilikuwa kimeshajengwa, hakuna kilichochunguzwa. `make C=2` ikifuatiwa na saraka yako hulazimisha zote. Kama sparse yenyewe inalalamikia faili za vichwa ambazo hukuzigusa, huenda toleo lake ni la zamani kuliko kerneli; jenga jipya kutoka kwenye chanzo chake.

Maonyo yake mawili yanastahili heshima. La kwanza ni la nafasi tofauti za anwani: umechukua kielekezi chenye alama `__user` na kukitumia kama cha kerneli. Dawa ni `copy_from_user`. Kuweka `__force` ili onyo liondoke ni kumfungulia mlango mtumiaji yeyote anayejua kutunga anwani. La pili ni la mpangilio wa baiti, `__le32` dhidi ya nambari ya kawaida. Kwenye x86 kodi hiyo hufanya kazi vizuri kabisa, kisha huvunjika kwenye prosesa yenye mpangilio wa kinyume. Lile la `context imbalance` kwa fanksheni inayoshika kufuli kwa masharti mara nyingi ni la uongo, ingawa fanksheni ya namna hiyo ni ngumu kwa msomaji wa kibinadamu pia.

Smatch huenda mbali zaidi kwa sababu hufuatilia thamani. Ikikosa kuelewa fanksheni zinaitwaje kutoka faili nyingine, ijengee hifadhidata kwa `build_kernel_data.sh`; huchukua muda mrefu, na kila ukiijenga tena maarifa yake huongezeka. Onyo lake la `variable dereferenced before check` usilipuuze. Mwaka 2009 draiva ya mtandao pepe iitwayo tun ilisoma kupitia kielekezi kwanza, kisha ndipo ikakagua kama ni tupu. GCC ikaona kwamba kama kimeshasomwa basi hakiwezi kuwa tupu, ikaufuta ukaguzi, na kosa dogo likageuka tundu la usalama, CVE-2009-1897. Tangu hapo kerneli hujengwa kwa `-fno-delete-null-pointer-checks`.

Coccinelle ikinyamazia faili ambamo unauona mchoro unaoutafuta kwa macho yako, huenda haikuweza kuisoma kodi hiyo, hasa kama imejaa makro za ajabu, na huiruka bila kelele. `spatch --parse-c` itakuonyesha ni sehemu gani imeshindwa kusomeka. Na usiendeshe `make coccicheck` bila `M=` na `COCCI=` kama huna siku nzima ya kusubiri.

Dalili: mashine inalalamika imeganda, lakini kodi ni nzima

Kerneli iliyojaa ukaguzi ni nzito, na ndani ya QEMU (programu ya mashine pepe) isiyotumia KVM, yaani msaada wa prosesa yenyewe, ni nzito maradufu. Mlinzi wa `soft lockup` hulalamika prosesa ikishikiliwa kwa sekunde 20, na RCU, utaratibu wa kerneli wa kusoma data bila kufuli, kwa kawaida baada ya 21. Kabla ya kuamini ripoti hizo, washa KVM, kisha ongeza `watchdog_thresh` na `rcupdate.rcu_cpu_stall_timeout`. Zikitoweka, ulikuwa uzito tu. Zikibaki, kuna kitanzi kisichoisha.

Dalili: mfuatano wa miito hausomeki

Ipitishe logi kwenye `scripts/decode_stacktrace.sh` pamoja na `vmlinux` ya ujenzi ule ule, si uliofanywa baadaye, ukiwa umewasha `CONFIG_DEBUG_INFO`. Mistari yenye alama ya kuuliza ni mabaki yaliyokutwa kwenye staki, yaruke. Kwa gdb, washa kerneli kwa `nokaslr`, la sivyo anwani hazitalingana.

Kwa wanaojenga kerneli yao wenyewe

Ukiweka `-fsanitize=undefined` na kiunganishi kikalalamika kuhusu `__ubsan_handle_` fulani, hakuna kilichoharibika. Kompaila imeita fanksheni ambazo kwenye programu ya kawaida hutoka kwenye maktaba, nawe maktaba huna. Ziandike mwenyewe, ni fupi, na zikichapisha jina la faili na mstari zimetosha. Usipotaka, `-fsanitize-trap=undefined` hugeuza kila kosa kuwa amri ya kuangusha prosesa hapo hapo, na kishughulikiaji chako cha hitilafu kitakuonyesha anwani.

Ukiweka `-fsanitize=kernel-address` na mashine ikaanza kujiwasha upya bila kukoma, kivuli hakijawekwa kwenye majedwali ya kurasa. Fanksheni ya kwanza yenye ukaguzi inasoma anwani isiyokuwepo, kishughulikiaji cha hitilafu nacho kina ukaguzi, nacho kinaanguka. Jenga faili za mwanzo bila bendera hiyo, na kabla ya kuingia kwenye kodi yenye ukaguzi elekeza kivuli chote kwenye ukurasa mmoja wa sifuri, kama Linux inavyofanya. Kila baiti itaonekana halali hadi utakapokuwa tayari kuweka kivuli cha kweli. Fanksheni inayochapisha ripoti nayo isiwe na ukaguzi, ama itajiita yenyewe hadi staki iishe. QEMU kwa `-d int,cpu_reset -no-reboot` itakuonyesha hitilafu ya kwanza kabisa kabla ya mporomoko.

Dalili: zana ikiwashwa, hitilafu hutoweka

Ukaguzi hubadilisha kasi ya nyuzi na mpangilio wa kumbukumbu, na hitilafu inayotegemea mojawapo huenda isitokee tena. Hapa ndipo KFENCE, iliyoingia katika toleo la 5.12, ina faida. Badala ya kukagua kila mguso, huchukua kipande kimoja tu kila milisekunde 100 na kukiweka kando ya ukurasa uliokatazwa, na gharama yake ni ndogo kiasi cha kuachwa ikiwa imewashwa kwenye mashine za kazi. Udhaifu wake ni uchache wa sampuli: kwa usanidi wa kawaida vipande vinavyolindwa ni 255 kwa wakati mmoja. Kwenye mashine moja utasubiri sana. Iwashe kwenye mashine zote ulizo nazo, punguza `kfence.sample_interval` pale kazi inaporuhusu, na uziache zitembee na kazi yao ya kawaida. Ripoti ikitoka kwenye mojawapo, itakuja na mifuatano ile ile ya aliyegusa, aliyetenga na aliyeachilia.